Kifyatulio Kinachokwaruza kwenye Rivolva Kuukuu: Dhana Potofu na Ukweli

Wamiliki wengi wa rivolva kuukuu, yaani bastola zenye silinda inayozunguka yenye vyumba vya risasi, hudhani kwamba kifyatulio kizito na kifyatulio kinachokwaruza ni kasoro moja. Chukua Smith & Wesson aina ya Military & Police, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1899 na kupewa jina la Model 10 mwaka 1957, ambayo polisi wengi wa Marekani waliibeba kwa miongo kadhaa. Mvuto mmoja wa kifyatulio chake huirudisha nyuma nyundo, huizungusha silinda na kisha huiachia nyundo igonge, kwa hiyo uzito wa kilo 5 hivi si ugonjwa. Ugonjwa ni pale kidole kinapohisi mchanga, kukwama au kuruka katikati ya mvuto.

Dhana ya pili, nayo ndiyo iliyoharibu silaha nyingi zaidi, ni kwamba dawa ya yote hayo ni kukata springi au kulegeza skrubu iliyo mbele ya mpini, ile inayoikaza springi kuu. Mvuto utakuwa mwepesi, ni kweli, lakini mkwaruzo utabaki palepale, na nyundo iliyopungukiwa nguvu itaanza kugonga risasi zisilipuke. Skrubu hiyo imekusudiwa kukazwa hadi mwisho.

Wengine huamini kwamba tatizo lazima liwe ndani ya mtambo, hivyo hukimbilia bisibisi. Mara nyingi chanzo kipo nje, na kukipata hakuhitaji kufungua kitu. Baada ya kuhakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba vyumba vyote vya risasi ni vitupu, fungua silinda, vuta nyuma kitufe cha kuifungulia na ukishikilie hapo, kisha vuta kifyatulio polepole huku ukiizuia nyundo kwa kidole gumba. Mvuto ukiwa laini, mtambo hauna hatia. Kosa liko kwenye silinda. Ukiendelea kukwaruza, hapo ndipo pa kuushuku mtambo wenyewe.

Kwenye silinda, tazama kwanza chini ya kinyota kinachosukuma maganda. Chembe chache za baruti isiyoungua zikinaswa hapo hukiinua kinyota, risasi husogea nyuma na kusugua fremu, na silinda huzunguka kwa shida. Masizi yaliyoganda kwenye uso wa silinda unaoelekea mtutu huleta dalili zinazokaribiana na hizo. Kisha shika fimbo ya kutolea maganda: ikilegea kwenye hesi zake hurefuka, hukandamiza kifungio cha mbele, na silinda huwa ngumu hata kufunguka. Katika rivolva za Smith & Wesson za zamani fimbo hiyo hukazwa kwa kuzungusha kulia; kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 hesi ziligeuzwa zikawa za kushoto, kwa hiyo anayekaza bila kujua umri wa silaha yake huenda anailegeza. Weka pia alama ya chaki kwenye chumba kimoja. Ugumu ukirudi penye chumba kilekile kila mzunguko, shuku fimbo iliyopinda au jino la kinyota lililoharibika.

Kuhusu mafuta ya kupuliza, ambayo husifiwa kupita kiasi, aina nyingi hukauka zikaacha utando unaonata, na kuongeza mengine juu yake huahirisha tu usafishaji.

Hatari zaidi ni imani kwamba msasa hulainisha kila kitu. Nyundo na kifyatulio cha silaha hizi vina ngozi nyembamba ya chuma kigumu, na tupa ikiipenya, chuma laini cha chini huliwa upesi, na nyundo iliyokokiwa inaweza kuteleza yenyewe. Hiyo ni kazi ya fundi wa silaha. Hata bamba la ubavuni linalofunika mtambo halichokonolewi kwa bisibisi: skrubu zikishatolewa, fremu hugongwa taratibu kwa mpini wa mbao mpaka bamba linyanyuke lenyewe.