Kuhesabiwa Kuwa Umejiuzulu kwa Sababu ya Utoro Kazini

Kuhesabiwa kuwa umejiuzulu ni utaratibu ambao mtumishi wa serikali asiyefika kazini bila ruhusa kwa muda uliowekwa na sheria huchukuliwa kuwa ameacha kazi kwa hiari yake, ijapokuwa hakuandika barua yoyote. Katika jimbo la California, Marekani, siku 5 za kazi mfululizo zinatosha, na kujiuzulu huhesabiwa tangu siku ya mwisho aliyofanya kazi. Afrika Kusini inakwenda njia iliyo karibu na hiyo: mtumishi wa umma akikosekana bila ruhusa kwa zaidi ya mwezi mmoja wa kalenda, sheria ya mwaka 1994 humhesabu kuwa amefukuzwa kwa utovu wa nidhamu.

Haja ya serikali inaeleweka. Zahanati ya kisiwani yenye muuguzi mmoja haiwezi kubaki imefungwa huku jina la asiyeonekana likiendelea kulipwa mshahara. Tatizo ni kwamba aliyejiuzulu hana shtaka la kujibu, na asiye na shtaka haitwi kujitetea. Kwa hiyo mwajiri hupata matokeo ya kumfuta mtu kazi bila kupitia kazi ya kuthibitisha kosa lake. Kwa maoni yangu hapo ndipo dhana hii inapokuwa na hatari, kwa sababu kutokuwepo kunaonekana kwa macho, lakini nia ya kutorudi haionekani, na sheria ya namna hii huikisia ya pili kutokana na ya kwanza.

Kenya haiufuati mkondo huo. Chini ya kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kukosekana kazini bila ruhusa au sababu halali ni kosa kubwa linaloweza kumfanya mtu afutwe kazi papo hapo, lakini kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu anazozifikiria na asikilize utetezi wake, akiwa pamoja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama akitaka. Kwa mtumishi wa umma kuna kinga zaidi: kifungu cha 236 cha Katiba kinakataza asiondolewe kazini bila kufuata utaratibu wa sheria.

Tuchukue mfano wa karani wa kaunti aliyepangiwa Faza, kisiwani Pate katika Kaunti ya Lamu, ambaye amemsindikiza mzazi wake hospitalini Mombasa, kisha kusi ikachafua bahari na simu yake ikawa haipatikani. Msimamizi wake hawezi kuifunga rejista ya mahudhurio na kuandika kwamba karani ameacha kazi. Mahakama zetu zimeshikilia mara nyingi kwamba mwajiri anayedai mfanyakazi ametoroka lazima aonyeshe juhudi za kumtafuta na kumtaka ajieleze, kwa barua iliyopelekwa kwenye anwani yake ya mwisho, kwa simu, au kupitia jamaa zake. Karani naye hana kinga ya kunyamaza: akirudi bila cheti cha hospitali wala maelezo ya maana, anaweza kufutwa kazi kihalali.

Hata kwenye nchi zenye utaratibu huu, mahakama zimeubana. Mahakama ya Juu ya California iliamua mwaka 1991 kwamba mtumishi lazima apewe taarifa na nafasi ya kujibu kabla ya kuhesabiwa amejiuzulu. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilimwokoa mwendesha mashtaka aliyekwenda Uingereza kusoma akiwa amesimamishwa kazi, ikisema kuwa aliyezuiwa kufika kazini hawezi kuitwa mtoro.

Mtumishi wa Kaunti ya Lamu asiyeridhika na uamuzi wa bodi ya utumishi wa umma ya kaunti anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Njia ya mahakama ya ajira, ambayo ina kituo Malindi, ipo pia, na madai yanayotokana na mkataba wa kazi kwa kawaida hupelekwa ndani ya miaka 3.