Antivirusi bandia: namna ya kuitambua na kuiondoa kwenye kompyuta

Antivirusi bandia ni programu inayojidai kuilinda kompyuta kumbe yenyewe ndiyo adui. Haitafuti virusi. Inatafuta hofu yako: inatangaza kwamba imekuta maambukizi chungu nzima, inakuonyesha maandishi mekundu na kukupigia ving'ora, kisha inaahidi kuyafuta yote ukishalipia toleo kamili. Maambukizi hayo ni ya kubuni. Kinachowindwa ni namba ya kadi yako ya benki.

Wanaonaswa si wajinga. Mtu asiyejali usalama huufunga ujumbe huo na kuendelea na shughuli zake. Anayejali ndiye anayebonyeza. Mwezi Desemba 2008, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliwashtaki wauzaji wa WinFixer na programu nyingine za aina hiyo, ikisema zaidi ya watu milioni moja walikuwa wametapeliwa. Juni 2011, FBI ilitangaza kuvunjwa kwa mtandao mwingine uliowaumiza watu wapatao 960,000 na kuwapotezea dola milioni 72. Waathirika walikuwa wakitozwa hadi dola 129 kila mmoja. Mwezi mmoja kabla ya hapo, antivirusi bandia iitwayo Mac Defender ilikuwa imewafikia hata watumiaji wa Mac, yaani kompyuta za Apple, ambao wengi waliamini virusi haviwahusu.

Kuitambua kwa sura ni vigumu, kwa sababu huiga nembo na rangi za programu halali. Iangalie kwa matendo. Ukurasa wa tovuti uliofunguka ndani ya kivinjari hauna uwezo wa kukagua diski yako, kwa hiyo tovuti inayodai kukuta virusi kwenye mashine yako inasema uongo, bila kujali jina lililoandikwa juu. Orodha ya mafaili unayoiona ikipita ni mchoro tu. Watumiaji wa Mac wamewahi kuonyeshwa diski C ya Windows, ambayo kwenye Mac haipo kabisa. Ishara nyingine ni programu usiyokumbuka kuisakinisha, inayodai pesa kabla ya kufuta chochote, inayozuia Task Manager (dirisha la Windows la kuona na kufunga programu zinazoendelea) isifunguke, au inayokufungia tovuti za antivirusi za kweli.

Kabla ya kuhangaika, jua kwanza uko hatua gani. Mara nyingi hakuna kilichoingia. Ni ukurasa tu. Usibonyeze kitu ndani yake, hata alama ya kufunga, maana nayo inaweza kuwa kitufe cha kupakua. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kifunge kivinjari kupitia Task Manager, na ukikifungua tena usikubali kirudishe kurasa za awali. Kama onyo linachomoza pembeni mwa skrini kila baada ya muda, huenda ni arifa za tovuti uliyoiruhusu bila kujua: ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, uifute ruhusa hiyo. Inasikitisha kuona watu wakifuta kila kitu kwenye kompyuta kwa tatizo la dakika mbili kama hili.

Ikiwa imeshasakinishwa, kata intaneti. Tumia kompyuta nyingine kupakua Microsoft Safety Scanner au Malwarebytes, ambazo ni programu halali za kukagua virusi, na uweke kwenye flashi. (Safety Scanner hudumu siku 10 tu, hivyo nakala ya zamani haikufai.) Kwenye Windows 10 au 11, shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, fuata Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, kisha Restart, orodha ikitokea bonyeza 4. Hiyo ni Safe Mode, ambamo programu nyingi zinazojiwasha zenyewe haziwaki, na hapo ndipo nyingi za bandia hupoteza nguvu. Endesha ukaguzi, futa kilichopatikana, halafu iwashe kompyuta kawaida na uendeshe Microsoft Defender Offline, inayokagua kabla Windows haijaanza kazi.

Usiishie hapo. Pitia orodha ya programu zilizosakinishwa, viendelezi vya kivinjari (vijiprogramu vilivyoongezwa ndani yake), programu zinazojiwasha, na mipangilio ya proksi (kompyuta ya kati ambamo intaneti yako huweza kupitishwa), kwa kuwa uchafu hubaki huko. Ikigoma kabisa, hifadhi nyaraka na picha zako, acha programu, usakinishe Windows upya.

Kama ulishalipa, pigia benki leo hii: kadi ifungwe na malipo yapingwe. Badilisha manenosiri ukitumia kifaa kingine kilicho salama. Na kama ulipiga namba ya simu iliyokuwa kwenye onyo ukamruhusu mtu aiendeshe kompyuta yako kutoka mbali, ondoa pia programu aliyokuagiza usakinishe, hata kama ni halali kama AnyDesk au TeamViewer, kabla hujairudisha mashine kwenye intaneti.