Kifungo kimeisha, rufaa bado ipo?

Swali linalotujia sana kwenye msaada wa kisheria ni hili: jamaa alikiri kosa kwa kuahidiwa kitu, ahadi ikavunjwa, na sasa ashamaliza kifungo, je kuna kesi tena hapo? Inategemea anaomba nini, na hapo ndo wengi wanateleza.

Tuchukue Marekani, maana kule kesi nyingi zinaisha kwa dili za hivi. Mshtakiwa mmoja aitwaye Santobello alikiri kosa dogo la kamari New York baada ya mwendesha mashtaka kuahidi hatapendekeza adhabu yoyote, miezi ikapita, akaja mwendesha mashtaka mwingine asiyejua habari za ahadi, akaomba apigwe mwaka mzima, yaani kiwango cha juu kabisa, na jaji akampiga huo mwaka huku akisema ombi hilo halijamshawishi. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ikakataa: ahadi iliyomfanya mtu akiri lazima itimizwe, hata kama aliyeitoa ni mwendesha mashtaka mwingine wa ofisi hiyohiyo. Faili likarudi chini, ama ahukumiwe upya na jaji mwingine au aruhusiwe kufuta kukiri kwake.

Sasa kama ushatoka, kuhukumiwa upya kunakusaidia nini? Siku ulizokaa ndani harudishi mtu. Wafungwa wawili wa Illinois, kwenye kesi ya Lane dhidi ya Williams ya 1982, walilalamika hawakuambiwa kwamba wakitoka watakuwa chini ya parole (uangalizi baada ya kutoka gerezani), ila hawakuomba kufuta kukiri, waliomba parole tu iondolewe, na kwa vile ilikuwa ishaisha Mahakama ya Juu ikasema hakuna cha kuamua.

Anayepinga hatia yenyewe ni habari nyingine. Mfungwa mwingine, Sibron, alikuwa kamaliza miezi yake sita yote, lakini mwaka 1968 mahakama hiyohiyo ilimsikiliza, kwa sababu hatia inakufuata hadi nje, ukishtakiwa tena inaweza kutumika dhidi yako.

Ila (na hili mawakili wengine hawalisemi mapema) ukifuta kukiri, dili zima linakufa na mashtaka makubwa ya mwanzo yanaweza kurudi, kwa hiyo mtu aliyetoka salama apige hesabu kwanza. Na ahadi ikivunjwa wakili apinge palepale, kabla jaji hajamaliza, maana tangu uamuzi wa mahakama hiyohiyo kwenye kesi ya Puckett ya 2009, katika mahakama za shirikisho aliyenyamaza siku hiyo anapandishiwa mlima kwenye rufaa.