Mtu mzima na mbio za wikiendi: tunayoambizana kwenye supu, na ukweli wake

Ukitaka kujua watu wana nadharia ngapi kuhusu mwili wa binadamu, kaa na wakimbiaji waliopita hamsini Jumapili saa nne asubuhi baada ya mbio, medali bado shingoni, supu ipo mezani, kila mtu anasimulia kilometa ya kumi na nane ilivyomfanyia. Stori zenyewe tamu sana, sikatai, shida ni pale tunapoanza kuelezana kwa nini ilitokea, maana jibu huwa moja tu: umri. Goti likiuma umri, ukibanwa misuli umri, binti wa chuo akikupita kwenye mlima huku anaongea na simu umri. Na umri kweli upo jamani ila unasingiziwa mengi, hebu tuyapitie.

"Mafuta ya magoti yameisha, wewe endelea tu kukimbia utakuja kutembelea fimbo."

Hii ndo mama yao zote. Utaambiwa na shemeji, na jirani, na hata fundi viatu akiona raba zako zilivyolika kisigino. Picha watu waliyonayo kichwani ni kwamba goti ni injini ya Fuso, lina oili yake, kila kilometa inapungua kidogo mpaka vyuma vinaanza kusagana. Sasa goti haliko hivyo. Ule ute wa ndani unatengenezwa na utando wa goti lenyewe muda wote ukiwa hai, na ile gegedu inayofunika ncha za mifupa haina mishipa ya damu, chakula chake inakipata kwa kukandamizwa na kuachiwa, yaani ukitembea na ukikimbia ndo inakula. Anayekaa kwenye kochi mwaka mzima hatunzi mafuta yoyote.

Na siyo maneno matupu. Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani walichukua wakimbiaji 45 waliovuka miaka 50 na wenzao 53 wasiokimbia, wakawa wanawapiga eksirei za magoti tangu 1984 mpaka 2002, na mwisho wa siku wakimbiaji hawakuwa na magoti mabovu kuliko wenzao. Mwaka 2017 ukatoka uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi pamoja, wakakuta tatizo la kusagika magoti na nyonga lipo kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kawaida kama sisi, na asilimia 10.2 ya wasiokimbia kabisa. Ila kuna namba ya tatu ambayo wapenda mbio hatupendi kuitaja, wale wa mashindano makubwa, wa kulipwa, walikuwa asilimia 13.3. Kwa hiyo siyo kwamba mbio ni dawa ya goti hata ukilitesa vipi. Na kama goti lako liliumia zamani, ulivunjika kwenye mpira au ulichana kamba za ndani, hesabu yako ni nyingine, wewe nenda kaonane na daktari wa mifupa usisikilize mtu wa kwenye supu.

Halafu kongoro, eti linarudisha mafuta ya magoti. Kunywa supu ya kongoro kwa raha zako, mimi mwenyewe ukiniwekea na ndimu na pilipili siongei na mtu, lakini ule ulaini wa kongoro ukifika tumboni unameng'enywa kama nyama nyingine yoyote. Hauna bomba la kushukia gotini.

"Nina asidi kwenye misuli, itatoka baada ya siku tatu."

Waliokimbia Kilimanjaro Marathon wanaijua hii vizuri. Zile mbio zipo Moshi tangu 2003, na mtu wa kilometa 21 anapanda kuelekea Mweka, kupanda huko kila mtu anakuogopea, unaonywa mlima mlima mlima, ukigeuza juu unaona umemaliza kazi, unaachia miguu kushuka mjini, upepo mzuri, watoto wamekaa kwenye migomba wanakushangilia, unajiona wa miaka ishirini na tano. Jumatatu asubuhi pale stendi ndo utawatambua wenzako bila hata kuona medali, mzee mzima kashika mlango wa basi kwa mikono miwili anashuka kinyumenyume kama anashuka kwenye mnazi, utingo anamuuliza mzee vipi unaumwa.

Basi inasemwa ni asidi. Ile wanayoiita asidi inaondoka mwilini ndani ya saa moja hivi baada ya kusimama, na mwili unaitumia tena kama mafuta. Maumivu yanayokuja kesho yake na kufikia kilele siku ya pili ni nyuzi za misuli zilizochanika chanika kidogo sana, na kinachozichana hasa ni ule mteremko, kwa sababu ukishuka paja linafanya kazi ya breki, linavutwa huku limekaza. Mlima ulikukata pumzi tu. Kwa hiyo masaji ya kutoa asidi unalipia kitu ambacho hakipo, japo masaji ni tamu na siwanyimi watu ridhiki. Kinachosaidia ni kufanya mazoezi ya kushuka kabla ya mbio, taratibu, wiki kadhaa, misuli inazoea haraka kuliko unavyodhani. Anayefanya mazoezi Dar tambarare tupu halafu anaenda Moshi na imani yake, atashuka basi kinyumenyume tu hamna namna.

Ila hapa umri una haki yake kidogo, mtu mzima anachukua siku nyingi zaidi kupona. Kijana anarudi barabarani Jumatano, wewe acha wiki ipite.

"Kunywa kila meza ya maji njiani, usisubiri kiu."

Nusu kweli, na hiyo nusu ya uongo ni hatari. Ni kweli tukizeeka kiu inachelewa kuja, na kwa joto la Dar la mwezi wa pili mtu asiyekunywa ataishia kwenye hema la huduma ya kwanza. Lakini kunywa kupita kiasi nako kunaua, na anayekuwa hatarini siyo wa mbele, ni wa nyuma, kwa sababu ana saa tano sita barabarani na kila meza anachukua vikombe viwili anajimwagia tumboni, chumvi kwenye damu inazimuliwa na maji mpaka ubongo unavimba. Boston Marathon ya 2002 walipima damu za wakimbiaji 488 pale mwisho wa mbio, asilimia 13 walikuwa na chumvi ya chini. Dalili zinafanana na za kukaukiwa, kichwa, kichefuchefu, kuongea hovyo, kwa hiyo mtu anaanguka na wenzake wanamlazimisha maji zaidi, wanammaliza. Angalia vidole, pete ikianza kubana na tumbo linapiga kelele kama ndoo, umezidisha. Meza nyingine piga funda mbili pita, nyingine pita tu.

Kubanwa misuli nako tunakupeleka kwenye chumvi moja kwa moja, mtu anatembea na kichupa cha chumvi ya mawe. Mara nyingi ni uchovu, umeanza na spidi ambayo mazoezini hukuwahi kuikimbia hata siku moja, kilometa ya kumi na saba kigimbi kinakukumbusha. Simama, vuta vidole vya mguu kuja kwako, kitalegea.

"Meza diklofenaki asubuhi, hutasikia kitu."

Hii naomba niseme bila utani. Dawa za maumivu za kundi hilo, diklofenaki, brufeni na ndugu zao, zinabana mishipa ya kupeleka damu kwenye figo, na mbioni figo tayari zinapata damu kidogo maana imehamia miguuni, ongeza jasho, ongeza dawa ya presha ambayo wengi wetu tunameza asubuhi hiyo hiyo. Vitu vinne kwa pamoja juu ya figo za mtu wa miaka sitini. Kama huwezi kusimama kwenye mstari wa kuanzia bila kidonge basi hiyo siku siyo yako, mbio zipo kila mwezi siku hizi.

"Mnaona? Mzee kaanguka mbioni. Mbio zinaua."

Inatokea, na ikitokea habari inasambaa kwenye magrupu kabla ya maiti kufika nyumbani. Marekani walihesabu kuanzia 2000 mpaka 2010, wakimbiaji milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni, mioyo iliyosimama ghafla ilikuwa 59. Wengi wanaume, na wengi kwenye marathoni nzima kuliko kwenye nusu. Ni wachache sana ukilinganisha, lakini 42 kati ya hao 59 walifariki, na walionusurika wengi wao kuna mtu pembeni aliyeanza kuwakandamiza kifua pale pale bila kusubiri gari la wagonjwa. Kwa hiyo klabu zetu zinazochangishana tisheti mpya kila mwaka zingechangishana mara moja zimwite nesi aje afundishe watu kukandamiza kifua, ni asubuhi moja tu.

Upande wa pili ndo hausimuliwi. Stanford hao hao walifuatilia wakimbiaji zaidi ya 500 waliokuwa na miaka 50 kwenda juu tangu 1984, baada ya miaka 19 waliofariki walikuwa asilimia 15, na wenzao wasiokimbia asilimia 34. Sawa, mtu mwenye afya ndo anayekimbia tangu mwanzo kwa hiyo usizisome hizo namba kama muujiza, lakini kusema mbio zinaua wazee hapana. Cha kuheshimu ni dalili: kifua kubana ukipanda, kizunguzungu, moyo kuruka ruka, pumzi kukata kwa spidi ambayo mwezi jana ulikuwa unapiga stori nayo. Hizo hazikimbiwi.

Na ile hesabu ya saa za mkononi, 220 toa umri, ni ya kukadiria tu. Mwaka 2001 ilitoka nyingine, 208 toa asilimia 70 ya umri, kwa mtu wa miaka 60 ya kwanza inampa 160 na ya pili 166, na hapo bado kila mtu na moyo wake. Ukiwa unatumia atenololi ndo kabisa, ile dawa ya presha inazuia mapigo yasipande, saa itakwambia umepumzika wakati ulimi uko nje. Tumia kipimo cha mdomo: ukiweza kuongea sentensi nzima uko sawa.

"Kwa mwanamke kizazi kitashuka."

Haya maneno ndo yalichelewesha marathoni ya wanawake kuingia Olimpiki mpaka 1984 Los Angeles. Kathrine Switzer, yule ambaye mwaka 1967 msimamizi alitaka kumtoa barabarani kwa nguvu pale Boston Marathon kwa kuwa ni mwanamke, alirudi Boston hiyo hiyo 2017 akiwa na miaka 70 akamaliza. Akina mama waliozaa wanaweza kuvuja mkojo kidogo wakikimbia, hilo lipo sana na linaongelewa kidogo mno, ni misuli ya chini ya nyonga imelegea na ina mazoezi yake. Dada zangu msiache mbio kwa ajili hiyo, ulizeni kliniki.

"Spidi ikishaenda imeenda."

Inaenda, ndiyo. Uwezo wa mwili kutumia hewa unashuka karibu asilimia 10 kila miaka kumi kwa asiyefanya mazoezi, kwa anayeendelea unaweza kushuka nusu ya hapo. Ila hiyo nusu ni kubwa! Ed Whitlock wa Kanada alikimbia marathoni kwa saa 2:54:48 akiwa na miaka 73, mwaka 2004 pale Toronto, na mazoezi yake yalikuwa kuzunguka makaburini karibu na kwake masaa kwa masaa, hana kocha hana jeli za kunyonya. Jeannie Rice alikimbia marathoni ya London 2024 kwa 3:33:27, akiwa na miaka 76, vijana wangapi wa ofisini kwako wanaweza? Na hapa kwetu jirani, Kenneth Mungara wa Kenya alikuwa kinyozi, kaanza mbio ameshapita thelathini, mwaka 2015 akashinda marathoni ya Gold Coast kule Australia kwa 2:08:42 akiwa na miaka 41.

Kinachotuangusha wengi ni kwamba tunakimbia Jumapili tu. Kwa afya hata siku moja mbili za wiki zina faida yake, presha na sukari zinakushukuru, lakini ukichukua mwili wa siku moja ukaupeleka kilometa 21 usishangae. Na kingine ni nguvu za misuli, mtu mzima anakimbia kimbia lakini hanyanyui chochote. Kuna jaribio la 1990 waliwapa mazoezi ya uzito wazee kumi wa nyumba ya kulea wazee, wastani wa miaka 90, kwa wiki nane nguvu za mapaja zikapanda zaidi ya mara mbili. Miaka tisini! Kwa hiyo zile simama-kaa kwenye kiti, mara mbili kwa wiki, usiseme umechelewa.

"Kutembea kwenye mbio ni aibu."

Wally Hayward wa Afrika Kusini alishinda Comrades, zile mbio ndefu za kwao, mara tano, ya kwanza 1930, na mwaka 1989 akiwa na miaka 80 akaimaliza tena, karibu kilometa 90, amebakiza dakika 1 na sekunde 57 muda wa mbio uishe geti lifungwe. Yaani bingwa anaburuzana na geti, na uwanja mzima umesimama. Sisi wa meza ya nyuma tembea mapema kabla hujachoka, dakika moja kila baada ya dakika nne tano tangu mwanzo, wengi wanamaliza vizuri kuliko wale wanaokimbia mpaka wafe ndo watembee. Ila ukitaka kutembea nyoosha mkono juu kwanza, sogea pembeni mwa barabara, usisimame ghafla katikati ya meza ya maji, kuna watu tuko nyuma yako na breki zetu siyo za jana.