Je, wajua kwa nini saratani ya damu hurudi ilhali vipimo vilionyesha imekwisha?

Ndani ya uboho wa mifupa zimo seli shina, chache tu, ambazo ndizo huzaa chembe zote za damu. Katika lukemia sugu ya mieloidi, aina mojawapo ya saratani ya damu ambayo madaktari huifupisha CML, hitilafu huanzia kwenye seli shina moja: kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande, na jeni mbili, BCR na ABL, zinaungana. Jeni hiyo mpya hutengeneza kimeng'enya kisichozimika, kinachoziamuru seli zigawanyike mfululizo. Chembe nyeupe huongezeka kupita kiasi na wengu huvimba.

Dawa ya imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huziba kimeng'enya hicho. Kwa kawaida mgonjwa humeza miligramu 400 mara moja kwa siku, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji, maana hukera tumbo. Balungi aliache: hupandisha kiwango cha dawa mwilini. Hesabu ya damu hutengemaa baada ya wiki kadhaa, na hapo ndipo wengine hujiona wamepona wakaacha dawa.

Kilichokufa ni watoto, yaani chembe zilizozaliwa; mama, yaani seli shina, yupo. Seli shina zenye saratani huweza kulala muda mrefu bila kugawanyika, na uhai wake hautegemei sana kimeng'enya kile, hivyo imatinib haizimalizi. Hata tibakemikali, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, hulenga zaidi seli zinazogawanyika, zilizolala huponyoka.

Kwa hiyo kipimo cha kutegemea si hesabu ya damu bali kile cha vinasaba kiitwacho PCR, kinachosaka jeni ile ya BCR-ABL: kiwango kinatakiwa kiwe kisichozidi asilimia 10 baada ya miezi 3, na 0.1 kufikia mwaka mmoja. Aliyetumia dawa kwa miaka kadhaa, na kwa angalau miaka 2 kiwango kikabaki chini kabisa, daktari anaweza kumjaribu bila dawa huku akimpima kila mwezi mwanzoni. Kwa karibu nusu yao ugonjwa hurudi, mara nyingi ndani ya miezi 6 ya kwanza. Wakirudishiwa dawa mapema, karibu wote hutulia tena.

Kupandikizwa seli shina za mtu mwingine kunaweza kung'oa kabisa chimbuko lile. Dawa kali husafisha uboho, kisha seli za mchangiaji hutundikwa kama damu, nazo hujitafutia njia hadi mifupani. Huanza kuzalisha chembe baada ya wiki 2 hadi 4. Lakini zinazowinda masalia ya saratani ni chembe za kinga za mchangiaji, na hizohizo huweza kugeukia ngozi, ini na utumbo wa mgonjwa, wakati mwingine zikamuua. Ndiyo sababu siku hizi upandikizaji wa CML huachiwa hasa wale ambao vidonge vimeshindwa kuwasaidia.