Je, wajua kwa nini pinso, yaani brashi ya kujipaka vipodozi, ya bei ndogo inaweza kuishinda ya bei kali?

Ukipita Soko la Kenya (komini ya Kenya hapa Lubumbashi, si nchi ya Wakenya) utaziona zimetandazwa mezani kati ya wanja na mafuta ya nywele: seti za pinso za makiyaji, vipande 12, 24 au hata 32, kila seti ndani ya kifuko cheusi cha kukunja chenye kamba. Bei yake ndiyo inayotia watu mashaka. Brashi 24 zinauzwaje kwa pesa ambayo, kwenye maduka ya Ulaya, haipati hata moja yenye jina kubwa? Lazima kuna kasoro mahali. Wamarekani nao wanajiuliza vivyo hivyo. Kwao pinso za bei nafuu ziko kwenye maduka ya dawa kama Walgreens na CVS, ambako ng'ambo ya vidonge vya homa kuna rafu nzima za vipodozi.

Jibu langu: zinafaa, ila si zote, wala si kwa kila kazi. Kwa fondeteni ya majimaji (ile krimu ya msingi inayopakwa uso mzima), pinso ya plastiki ya bei ya chini inaweza kukupaka vizuri kuliko ya nywele za mbuzi yenye bei mara kumi. Simfariji asiye na dola. Sababu ipo, na inaanzia kwenye unywele mmoja.

Unywele wa mbuzi, wa kindi au wa farasi, ukiwekwa chini ya hadubini, una magamba madogo madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa. Poda inanasa kwenye kingo za magamba hayo, halafu inaachia kidogo kidogo unapopitisha brashi shavuni. Ndiyo maana mafundi wa zamani hawakutaka kusikia kitu kingine kwa poda na rangi ya mashavu. Lakini unywele wa mnyama pia unakunywa maji. Uchovye kwenye fondeteni uone: krimu inapanda mpaka shingoni, nywele zinavimba, zinashikamana, na sehemu nzuri ya krimu uliyoilipia inabaki ndani ya pinso badala ya kukaa usoni. Unywele wa plastiki hauna magamba na haunywi. Krimu inabaki juu yake, na ikigusa ngozi inashuka.

Plastiki yenyewe si jambo la juzi. Nailoni ilipatikana mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani, chini ya mkemia Wallace Carothers, na bidhaa ya kwanza kuuzwa ikiwa na nailoni haikuwa soksi za akina mama kama wengi wanavyodhani. Ilikuwa mswaki, mwaka 1938. Kabla ya hapo miswaki ilikuwa ya manyoya ya nguruwe. Siku hizi pinso nyingi zinatengenezwa kwa nailoni au kwa poliesta ya aina inayoitwa PBT, ambayo ukiikunja inarudi ilivyokuwa.

Kwa nini basi pinso mbili za plastiki, zote nyeusi, zote zinang'aa, moja ni laini na nyingine inakuna ngozi? Tazama ncha. Unywele wa mnyama ambao haujakatwa unakwisha kwa ncha nyembamba. Uzi wa plastiki ukitoka kiwandani una unene uleule mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo ukiukata kwa kisu ncha yake inakuwa bapa na kali. Poliesta inatibiwa kwa kemia: ncha zinachovywa kwenye soda kali, ileile wanayoijua wapika sabuni, na soda inazila taratibu mpaka zinakuwa nyembamba. Nailoni haikubali kuliwa hivyo. Yenyewe inakondeshwa wakati wa kuvutwa, kwa kubadili kasi ya mashine. Kiwanda kinachotaka kuuza kwa bei ya chini kabisa kinaruka hatua hii na kukata tu. Hiyo ndiyo pinso inayokuwasha shavuni ukasingizia poda.

Kuna na namna ya kupanga nywele. Kumano, mji mdogo katika mkoa wa Hiroshima huko Japani, umejenga jina lake juu ya brashi: za kuandikia, za kuchora, kisha za makiyaji. Fundi wa huko haupi umbo mviringo wa pinso kwa mkasi. Anaingiza nywele kwenye kikalibu, ncha zikiwa chini, anakigonga mpaka zikae sawa, na cha kukatwa ni upande wa mizizi tu. Serikali ya Japani ilipowatunuku wanawake walioshinda Kombe la Dunia la mpira mwaka 2011, zawadi iliyoambatana na heshima hiyo ilikuwa seti ya brashi za Kumano. Pinso za namna hiyo zina haki ya kuwa ghali, kwa sababu unalipa mkono wa mtu.

Nyingi ya zile zinazotufikia sisi zinatoka China, ambako kuna wilaya kama Luyi, jimboni Henan, zinazoishi kwa kutengeneza brashi na nywele zake. Shehena za China nyingi zinashukia Dar es Salaam, zinakatiza Tanzania na Zambia kwa lori, zinangoja mpakani Kasumbalesa kadiri forodha inavyotaka, halafu zinamalizia kilometa 90 hivi mpaka hapa mjini. Kwa hiyo kwenye meza moja pale Kenya unaweza kukuta pinso yenye ncha zilizotibiwa vizuri imelala pembeni ya nyingine iliyokatwa kwa kisu, bei ni moja, na muuzaji mwenyewe hajui tofauti.

Huko Marekani na Uingereza sifa ya brashi za bei nafuu ilibadilika pale kampuni kadhaa zilipoamua kuweka pesa kwenye nywele na kuibana kwenye mpini na boksi. Kampuni ya e.l.f. ilianza mwaka 2004 kwa kuuza vipodozi vya dola moja. Real Techniques ilikuja mwaka 2011, ikiongozwa na madada wawili Waingereza ambao kazi yao ni makiyaji, nayo ikachagua nywele za plastiki peke yake. Mafundi waliozoea brashi za bei kali wakazijaribu, wakaziweka kwenye mikoba yao. Majina hayo utayaona hata sokoni kwetu, lakini jina lililochapwa kwenye mpini halithibitishi kitu. Kuiga chapa ni rahisi kuliko kuiga ncha.

Sasa pale mezani. Kwanza iguse nyuma ya kiganja, ukiisimamisha wima na kuibonyeza polepole. Ngozi ya pale ni nyepesi na itakuambia upesi kama ncha zinachoma. Halafu ibane kwa vidole viwili karibu kabisa na shingo ya chuma. Huu ndio mtihani ninaouamini kuliko yote, hasa kwa ile kubwa ya poda. Pinso nyingi za bei ndogo zinachanua juu zikaonekana nene, kumbe chini nywele ni chache. Vidole vikikutana bila kuhisi upinzani, iache. Brashi yenye nywele chache inaokota poda bila mpango na kuimwaga yote mahali inapogusa kwanza. Kisha vuta nywele kidogo, si kwa fujo. Mbili tatu zikitoka si ajabu, pinso mpya huwa na nywele zilizobaki bila gundi. Zikiendelea kutoka kila ukivuta, gundi haikufika katikati. Mwisho shika chuma kwa mkono mmoja, mpini kwa mwingine, uzungushe. Kikicheza kikiwa dukani, nyumbani kitatoka.

Muuzaji atakuambia kwamba ni nywele za kweli.

— Mama, hii ni mbuzi kweli?

— Mbuzi kabisa, yaya. Shika uone ilivyo laini.

Ulaini hautoshi kuwa ushahidi. Omba ule unywele uliokwisha kutoka mkononi, sogea pembeni mbali na manukato ya watu, uuchome kwa kibiriti. Unywele wa mnyama unanuka nywele zilizoungua na unabaki majivu yanayosagika. Plastiki inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge kidogo kigumu. Ukikuta ni plastiki usimgombeze mama wa watu. Ni sababu nzuri ya kupunguza bei, na kama ni ya fondeteni, ndiyo uliyokuwa unaitaka.

Kuna jambo moja la hapa Lubumbashi ambalo video za ng'ambo hazilisemi. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa hewa yetu inakauka, na poliesta, ambayo haishiki unyevu hata asilimia moja ya uzito wake, inajaa umeme tuli kila inaposuguliwa. Nywele zinasimama kila moja na upande wake, poda inaruka hewani au inang'ang'ania brashi isitake kushuka. Unywele wa mbuzi, unaobeba unyevu zaidi ya asilimia kumi hewa ikiwa ya kawaida, hauna tabia hiyo sana. Mtu anaweza kununua pinso ya poda mwezi wa kwanza mvua zikinyesha akaisifu, akaja kuilaumu mwezi wa nane. Dawa ni ndogo: lowesha kiganja kidogo sana, pitisha juu ya nywele, ngoja kidogo, halafu chovya poda. Na ufunge kifuko chako, maana vumbi jekundu la kiangazi haliombi ruhusa.

Kuhusu seti za vipande 24, mimi sizipendi. Ukizitazama kwa makini, nyingi ni nywele zilezile zimewekwa kwenye mipini tofauti ili hesabu iwe kubwa. Mtu anayejipaka mwenyewe kwa ibada au kwa kazi anahitaji moja bapa au nene ya fondeteni, moja kubwa ya poda, moja ya mashavu, moja laini ya kusambaza rangi ya macho, na moja nyembamba ya mshazari kwa nyusi. Ya fondeteni, ya nyusi, na ya midomo kama unaitaka, chukua za bei ndogo bila woga, zinafanya kazi na majimaji na wanja, ambako plastiki iko nyumbani. Kama una akiba ya kuongeza mahali, iongeze kwenye ile ya poda na ile ya kusambaza rangi ya macho. Hizo mbili ndizo ambazo ncha mbaya inaonekana mpaka kwenye picha: rangi inakaa mistari, haiyeyukiani. Wauzaji wengine wanakubali kufungua seti ukiomba kwa heshima na ukija asubuhi.

Bei ndogo ina faida nyingine ambayo haizungumzwi, nayo ni usafi. Jumamosi ya ndoa, fundi mmoja anampamba bibi arusi, mama yake, mashangazi na wasindikizaji, na pinso ileile ya macho inatoka kope hii inakwenda kope ile. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aston, Uingereza, walitangaza matokeo ya kupima vipodozi vilivyokwisha kutumika. Kila tisa kati ya kumi vilikuwa na bakteria, na vibaya kuliko vyote vilikuwa vile visifongo vya kupakia fondeteni: zaidi ya 90 kwa kila 100 havikuwahi kuoshwa. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani kinashauri brashi zioshwe kila baada ya siku 7 mpaka 10, na hapo ni kwa mtu anayejipaka mwenyewe. Fundi mwenye pinso moja ya bei kali hawezi kuiosha kati ya wateja watano na kungoja ikauke. Mwenye tano za bei ndogo anampa kila mteja yake, jioni anaziosha zote pamoja.

Kuosha kwenyewe ni maji ya vuguvugu na sabuni laini, ya mtoto inatosha. Osha kabla ya kutumia mara ya kwanza pia, kwa sababu nywele nyeusi za bei ndogo mara nyingi zinachuja rangi, na heri ichujie kwenye beseni. Maji yasipande juu ya shingo ya chuma, na yasiwe moto, kwa kuwa gundi inalegea. Usiisimamishe kwenye kikombe ikiwa imelowa. Maji yanateremka shingoni, yanavimbisha mpini wa mti, na mti ukikauka unabaki unacheza ndani ya chuma. Ilaze ukingoni mwa meza, kichwa kikiwa nje. Ya plastiki asubuhi utaikuta imekauka, ya mbuzi inaweza kutaka muda zaidi.

Mpini ukitoka, usitupe. Safisha gundi ya zamani, weka ile ya mirija miwili inayochanganywa, ushindilie, ulaze mpaka kesho. Nywele zinazotoka katikati ndizo hazitengenezeki. Ukianza kuziokota shavuni kila asubuhi, ipeleke kwenye kabati la viatu, huko bado ina kazi ya vumbi.