Ganzi ya Ukuta wa Tumbo Baada ya Upasuaji wa Utumbo kwa Matundu Madogo: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Ukichomwa ganzi hii, hutasikia maumivu yoyote.

Hii ndiyo dhana inayowatesa wagonjwa kuliko zote, kwa sababu anayeiamini hushtuka anapoamka na kuhisi tumbo likimsokota. Ukweli ni kwamba dawa humiminwa baina ya matabaka ya misuli ya ubavuni, mahali inapopita mishipa ya fahamu inayohudumia ngozi, misuli na utando wa ndani wa ukuta wa tumbo. Kwa hiyo kinachotulizwa ni maumivu ya majeraha, likiwemo lile kubwa kidogo ambalo kipande cha utumbo kilichokatwa hutolewa kupitia humo. Utumbo wenyewe hupeleka taarifa za maumivu kwa njia nyingine ambayo sindano hii haiifikii.

Hata maumivu ya bega, ambayo huwashangaza wengi, hayatokani na ganzi kushindwa kazi. Tumbo hujazwa gesi ya kabonidayoksaidi ili daktari apate nafasi ya kuona; gesi hiyo husumbua kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na kwa kuwa mshipa wa fahamu wa kiwambo huanzia shingoni, karibu na chanzo cha ile ya bega, ubongo hudhani kwamba bega ndilo linalouma.

Ndiyo maana parasetamoli na dawa nyingine za maumivu hutolewa kwa saa zilizopangwa, hata mgonjwa anapojisikia vizuri. Ganzi ya kawaida hudumu kwa saa kadhaa, pengine hadi siku moja, na asiyekuwa na dawa nyingine mwilini inapoisha hukutana na maumivu yote kwa mkupuo.

Dhana: Ni ileile sindano ya mgongo.

Sivyo. Huchomwa tumboni, mara nyingi kwa kuongozwa na ultrasaundi wakati mgonjwa amelala usingizi wa dawa, na kwa kawaida haimzuii kutembea.

Dhana: Mofini ingetosha, ganzi ni usumbufu wa bure.

Mofini hutuliza maumivu, lakini pia huleta kichefuchefu na kupunguza mwendo wa utumbo, kiungo kilekile tunachokisubiri kianze kazi tena. Kila kinachopunguza kipimo chake kina thamani, ingawa wapo wagonjwa ambao bado wataihitaji, na hakuna sababu ya kuwanyima.

Dhana: Ganzi huficha hatari, mgonjwa asijue mshono wa utumbo umevuja.

Hofu hii inaeleweka. Hata hivyo, mshono unapovuja huja na dalili ambazo ganzi ya ukuta haizizimi: homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, tumbo kuvimba, na maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Mgonjwa aziseme mara moja, saa yoyote ya usiku.

Dhana: Kwa kuwa ni ganzi tu, haina madhara.

Dawa ikizidi kipimo, au ikiingia kwenye mshipa wa damu, mgonjwa aliye macho anaweza kuhisi ganzi midomoni, ladha ya chuma na mvumo masikioni, na baadaye degedege au hitilafu ya moyo. Hutokea kwa nadra. Daktari wa usingizi hukokotoa kipimo kwa uzito wa mwili, na tiba ya mchanganyiko wa mafuta unaopitishwa mshipani inapaswa kuwa karibu kabla sindano haijachomwa.